Nimeongeza paneli ya wati 450 kwenye sola ya nyumbani, kontrola ya zamani nikaiacha palepale

Sola yetu hapa Dodoma ilikuwa na paneli mbili za wati 150, kontrola (kifaa cha kusimamia chaji inayoingia kwenye betri) ya aina ya PWM ya ampea 30, betri mbili za jeli za 200Ah na inveta ya wati 1,000. Kwa taa, televisheni na kuchaji simu ilitosha na chenji ikabaki. Friji lilipoingia ndani, hesabu zikagoma: saa kumi alfajiri inveta inaanza kulia, na yakitanda mawingu siku mbili mfululizo betri hazioni kujaa. Betri zenyewe bado zilikuwa nzima. Kilichopungua ni cha kuzijaza, kwa hiyo nikaamua kuongeza paneli, na kazi niifanye mwenyewe.

Dukani watakwambia ununue paneli kubwa uiunge pamoja na zile za zamani, basi. Msikubali haraka. Kontrola ya PWM huishika paneli moja kwa moja na betri, kwa hiyo volti za paneli zinashushwa hadi za betri. Paneli ya wati 450 hufanya kazi kwenye volti 41 hivi na kutoa ampea 11. Ukiishusha hadi volti 13, ampea zinabaki zilezile 11, na unachopata ni wati 145 au hapo karibu. Theluthi mbili ya hela yako imekaa juu ya bati ikiota jua. Tena hiyo ni kama kontrola haijaungua, maana paneli hiyo ikiwa haina mzigo inafika volti 49.

Nilichofanya ni kuacha mfumo wa zamani ulivyo, kisha kuipa paneli mpya kontrola yake ya MPPT, yaani ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Inabeba hadi volti 100 upande wa paneli na ampea 30 upande wa betri. Kontrola zote mbili zinachaji betri zilezile. Hazigombani, ili mradi uziseti volti sawa kulingana na karatasi ya betri. Betri zikikaribia kujaa utaona moja imepunguza kasi na nyingine bado inasukuma. Huo si ubovu.

Paneli niliipata kwa laki tatu kasoro hapahapa mjini. Kariakoo ningeshusha bei, lakini kioo cha mita mbili kwenye buti la basi kutoka Dar, hapana. Nilikwenda na tepu. Paneli nzuri za sasa hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba jua likiwa kali, kwa hiyo ya wati 450 lazima ikaribie mita 2.1 kwa 1.05, na uzito wake kilo ishirini na kitu. Muuzaji mmoja alinionyesha kitu chenye ukubwa wa meza ya kahawa, nyuma kimeandikwa 300W. "Bosi, hii orijino, pima volti uone." Volti 22 zilisoma, sawa, lakini hata kipaneli cha wati 20 kinasoma hivyo. Ukweli uko kwenye ampea.

Kontrola ndiyo iliyonitoa jasho, na ilinigharimu zaidi ya paneli yenyewe. Madukani zimejaa za bei ya chai zilizoandikwa MPPT ubavuni huku ndani ni PWM tupu. Ya kweli ni nzito, mgongoni ina mapezi ya alumini ya kutoa joto. Baada ya kufunga nilithibitisha kwa mita ya kung'ata waya: saa sita mchana zilikuwa zinaingia ampea 8.7 kutoka kwenye paneli, na zinatoka 24 kwenda kwenye betri. Zingekuwa sawa pande zote mbili, ningeirudisha dukani siku hiyohiyo.

Juu ya bati hakukuwa na maajabu. Reli za alumini nilizikaza kwenye mbao za kenchi, si kwenye bati peke yake, maana upepo wa kiangazi wa huku mnaujua. Kila tundu lilipata raba na silikoni. Chini ya paneli niliacha nafasi ya kiganja hewa ipite, kwa sababu paneli ikichemka inapunguza nguvu. Inatazama kaskazini, imeinama kidogo ili mvua ioshe vumbi.

Waya wa milimita 4 umeshuka mita 12 bila shida. Kwa volti 41 kinachopotea njiani ni kama asilimia 3. Waya huohuo ungebeba zile paneli mbili za zamani, zenye volti ndogo, ungekula karibu asilimia 10. Kutoka kontrola hadi betri nimetumia mfupi wa milimita 10, na fyuzi yake jirani na betri. Breka ya upande wa paneli nunua ya DC, yaani ya umeme wa paneli na betri. Ile ya kawaida ya nyumbani inategemea umeme wa gridi unaopita sifuri mara 100 kila sekunde ili cheche ikatike. Umeme wa paneli haupiti sifuri, cheche inaweza kuendelea kuwaka humohumo ndani. Na wakati wa kuunga, betri kwanza, paneli mwisho, na kioo kiwe kimefunikwa blanketi.

Matokeo? Siku ya jua betri zinajaa kabla ya saa nane mchana, friji likiwa linafanya kazi. Mvua za Januari ndizo nilizokuwa nazisubiri: siku nzima ya mawingu bado inabana, lakini kesho yake jua likitoka tunarudi mahali petu, jambo ambalo zamani lilichukua siku kadhaa. Usiku, msidanganyike, haujaongezeka. Betri ni zilezile, na friji tunalizima tukienda kulala kama mchana haukuwa mzuri.

Jirani kaniuliza kama sasa tunaweza kupiga pasi ya umeme. Hatuwezi. Pasi ya wati 1,000 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80, na inveta yetu hiyo ndiyo kikomo chake. Shati za shule bado tunanyoosha kwa pasi ya mkaa.