Ziara ya nyumba za kale Kendu Bay: maoni ya fundi wa plasta

Mimi ni fundi wa plasta, nakaa Nyalenda, Kisumu, na riziki yangu hutoka kwenye nyumba za kupangisha: chumba baada ya chumba, simiti na mchanga, haraka kabla mwenye ploti hajabadilisha nia. Nasema hivyo ujue macho yangu yalikuwa yanatafuta nini. Wengi walioisifu ziara hii wamesifu hadithi. Mimi nilifuata kuta.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia, na sababu nitaitoa.

Wanaoiendesha ni watu wa kujitolea, wenyeji wa Kendu Bay, mji wa kando ya Ziwa Victoria, ambao wamejitwika kutunza maduka ya zamani yaliyobaki upande wa ufuoni. Kubwa kati ya hayo ni la orofa moja, lenye baraza mbele, nguzo, na milango ya mvule ya kukunjwa ambayo ukiigonga unajua hii si mbao ya juzi. Ziara ni Jumapili mchana. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo: Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini, Jumamosi Wasabato wako kanisani, na kikundi kina watu wa pande zote mbili. Misheni ya Waadventista ya Gendia iko hapo karibu tangu 1906, kwa hiyo ukimtafuta mwenyekiti siku ya Sabato, ngoja jua litue.

Kiingilio ni shilingi 300, mwanafunzi 50. Unapewa risiti ya mkono. Mweka hazina ni mama muuza omena, na daftari lake lina omena upande wa mbele na nyumba upande wa nyuma. Nilitaka kucheka mpaka aliponipa nilisome. Kila gunia la chokaa limo, kila nauli ya kulifuata, hata misumari ya nusu kilo. Nimefanya kazi kwa wakandarasi wenye kompyuta mezani ambao hawawezi kukuambia mchanga wa jana ulikwenda wapi.

Anayeongoza ziara ni mwalimu mstaafu. Wote wanamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, naye anatembea polepole makusudi ili kundi lisitawanyike. Anaanzia kwenye baraza na kukugeuza ulipe duka mgongo, uangalie ziwa. Mji huu, anasema, ulitazama majini kabla ya kutazama barabarani. Reli ilifika Kisumu mwisho wa 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, na kutoka hapo meli za mvuke zikawa zinazunguka ghuba zikikusanya pamba na ngozi, zikishusha nguo, chumvi na mabati. Mhindi mwenye duka alijenga karibu na mahali mizigo iliposhuka. Ndiyo maana nyumba hizi zimejipanga upande ambao leo mtu wa matatu haoni sababu ya kufika.

Ukiinua macho pale barazani utaona sehemu ya paa ambayo haijawahi kubadilishwa. Bati lile ni zito, kwa mkono wangu ni kama geji 24, na geji ikiwa ndogo bati ndiyo nene. Haya tunayoezekea siku hizi ya geji 30 na 32 yakipigwa na upepo wa ziwa yanalia kama debe tupu.

Juu mbele ya nyumba kuna mwaka ulioandikwa kwa plasta, lakini tarakimu ya mwisho imebanduka. Unasoma 192, halafu doa. Mgeni mmoja alimwomba Jaduong' akadirie tu. Akakataa. Akasema kuna wazee wanaosema hivi na wengine wanaosema vile, na yeye hakuwepo. Mtu alikuwa amewashauri waijazie tarakimu yoyote ili ipendeze kwenye picha. Doa limebaki doa. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini, maana biashara ya hadithi za kale ina chumvi nyingi, na mwongozaji anayekubali kunyamaza ni adimu.

Sasa kuta.

Ziwa Victoria lilipanda sana kati ya 1961 na 1964, likala ufuo wa ghuba nzima. Mwaka wa 2020 likapanda tena hadi kupita kiwango cha 1964 kwa sentimita moja: kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, ilisomwa mita 13.42, dhidi ya 13.41 ya zamani. Waongozaji wengi wangeishia hapo, watu waseme “kumbe!” na kusonga mbele. Hawa wanakupeleka nyuma ya duka na kukuonyesha maana yake. Ziwa likipanda, maji ya ardhini nayo hupanda, na ukuta usio na kizuizi cha unyevu chini hunywa. Utaona mstari wa chumvi nyeupe kwenye kimo cha kiuno. Juu ya mstari pakavu, chini yake plasta inamomonyoka ukiigusa kwa kucha.

Zamani kidogo mtu mwenye nia njema alipiga simiti sehemu ile. Sisi watu wa mjengo ndiyo dawa yetu kwa kila kitu. Lakini ukuta wa zamani uliounganishwa kwa chokaa ni laini na unapumua. Ukiuvalisha simiti, maji yanayopanda hayana pa kutokea, yanakaa ndani na kula ukuta kutoka nyuma, na simiti yenyewe inapasuka na kuachana nao. Wameacha kipande cha simiti hiyo kusudi, kama mita moja ya mraba, na kijana wa bodaboda aliye fundi wao anakigonga kwa kifundo cha kidole. Kinalia kama kitu kitupu. Halafu anagonga sehemu waliyopiga chokaa upya. Kimya, imeshika. Watoto wa shule waliokuwa nasi waligonga ukuta ule mpaka mama wa hazina akawafokea.

Chokaa wanatoa Koru. Wanailoweka kwenye pipa, wanaifunika kwa maji na kuiacha wiki kadhaa ilainike, kisha wanaichanganya na mchanga wa mto uliochekechwa, moja kwa tatu. Wanaipiga nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kuitundikia magunia mabichi isikauke kwa pupa, kwa sababu chokaa hushika kwa kuvuta hewa polepole, si kwa kukaushwa na jua. Kwa fundi anayelipwa kwa chumba hii ni adhabu. Ukitaka kushika mwiko unaongeza shilingi 200. Nilishika. Nilipiga kipande kile nikiwa nimejaa mori wa kuwaonyesha mtu wa Kisumu anavyofanya kazi, na kijana akaniambia kwa heshima zote, “Fundi, punguza nguvu, hii si simiti, ibembeleze.” Alikuwa sawa.

Lawama yangu ya kwanza ni hapo hapo. Wanatoa glavu, hawatoi miwani. Chokaa ikiruka jichoni inachoma, na kuna watoto. Nimewaambia, wakaandika kwenye daftari, upande wa nyumba.

Jambo lililonifurahisha zaidi halipo kwenye ziara. Nililitoa kwa kuuliza maswali wakati wa chai. Kampuni moja ilijitolea kuwapa rangi ya bure ya kupaka mbele yote, kwa sharti kwamba nembo yake ikae ukutani. Kikundi kiligawanyika. Vijana walitaka, kwa sababu nyumba inayong'aa huvuta wageni, na hawakuwa wakisema upuuzi. Jaduong' hakuamua peke yake. Alimwita mzee aliyewafundisha chokaa, wakapaka rangi ile kwenye ubavu wa choo cha zamani nyuma, wakangoja mvua za masika. Ilivimba malengelenge na kuchunika. Mzozo ukaishia hapo, wakaendelea kupaka maji ya chokaa kama awali. Nembo ingewaudhi watu wa picha. Mimi kilichonishika ni kwamba watu wasio na mshahara waliacha zawadi ikae masika mazima ili ukuta wenyewe uwajibu.

Lawama ya pili ndiyo iliyokula nyota. Kila kitu kinapitia kwa Jaduong'. Ufunguo wa orofa ni mmoja na uko mfukoni mwake. Kundi moja kabla yetu lilirudi bila kupanda juu kwa sababu alikuwa matangani Oyugis. Kijana wa bodaboda anaijua nyumba ile kuliko yeye kuanzia gata hadi msingi, lakini hapewi nafasi ya kuzungumza zaidi ya ule ukuta wake. Tena mzee akianza habari za shule aliyofundisha, jiandae, kuna kiti. Nilimwambia mama wa hazina wachonge ufunguo wa pili. Akaangalia juu, akasema, “Mwambie wewe, wewe ni mgeni.”

Kuna swali ambalo ziara inalikwepa, nami nitalisema. Nyumba si yao. Wana barua ya ruhusa tu kutoka kwa jamaa ya mwenye nyumba walio nje ya nchi, na barua huandikwa upya kila mwaka. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo kama hili kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa jengo la kumbukumbu la kitaifa, na likishatangazwa halibomolewi wala kugeuzwa bila kibali. Niliuliza kwa nini hawaombi. Jibu lao ni kwamba wenye nyumba wakisikia neno hilo wataona mali yao imefungwa kamba, watanyima barua, na mwaka ujao hakuna atakayezibua gata. Nawaelewa. Hata hivyo naona wamekosea hesabu: barua ya mwaka mmoja haiwezi kulinda ukuta unaotaka wiki kadhaa za kuloweka chokaa tu kabla hujaanza kazi. Siku mrithi mmoja akipata mnunuzi wa ploti ya ufuoni, daftari la mama halitasimama mbele ya tingatinga. Sisi wa Kisumu tunapita kila siku chini ya mnara wa saa wa Kassim Lakha, wa 1938, na sidhani wengi wetu tunauliza nani anautunza. Hawa angalau wanauliza.

Kufika: matatu ya Kisumu kupitia Ahero na Katito, lami mwanzo hadi mwisho. Chai na mahamri ni bei yako mwenyewe, na mahamri yale yana iliki ya kweli. Choo wanachotumia wageni kiko nyumba ya pili, kisafi, beba shilingi kumi. Mwezi wa Ramadhani wanaanza asubuhi na chai haipo. Vaa viatu vinavyofunika vidole, kwa sababu ngazi ya orofa ina misumari iliyochomoza na mkono wa kushikilia upande wa kushoto unacheza. Panda ukishika wa kulia.