Nilivyochagua vepu na koili ya kuanzia

Kama huvuti sigara, usianze vepu, yaani sigara ya kielektroniki inayogeuza maji yenye nikotini kuwa mvuke. Nikotini ikishakukamata haikuachi kirahisi. Haya ninamwandikia mvutaji mwenzangu anayetaka kutoka kwenye sigara na hajui ashike kifaa gani.

Mimi niko Uingereza, ambako sheria inaweka kikomo cha nikotini kuwa miligramu 20 kwa mililita ya maji hayo, na tangi lisizidi mililita 2. Nilichukua Aspire Nautilus Mini, tangi dogo la kioo, nikalifunga juu ya boksi la betri lenye saketi ya ulinzi. Koili zake, yaani waya uliosokotwa unaopasha maji moto pamoja na pamba ya kuyanyonya, zinauzwa zikiwa tayari. Yangu ni ya omu 1.8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), naiendesha kwa wati 11 hivi. Mvuto wake unabana: mvuke unajaa kinywani kwanza ndipo uushushe kifuani, kama sigara yenyewe, na hicho ndicho kilichonitoa hamu ya sigara. Vifaa vya mawingu makubwa havikunipa hilo.

Dukani nilishauriwa nichukue bomba la shaba la kuwekea betri, lisilo na saketi yoyote ndani, na koili ya omu 0.15. Nilikataa, na mtu yeyote anayeanza namsihi akatae. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya 18650, ile ya mviringo inayotumika kwenye vepu nyingi, iliyojaa chaji ina volti 4.2. Ukiifunga kwenye bomba kama lile, gawanya volti hizo kwa omu za koili: 4.2 kwa 0.15 ni ampea 28. Samsung 25R, betri inayosifiwa sana, kiwango chake ni ampea 20 mfululizo. Hapo betri inachemka mkononi mwako na hakuna cha kuizuia. Boksi lenye saketi linasoma ukinzani kabla ya kuwasha, na likiona shoti linakataa kufanya kazi.

Betri yenyewe ikague kila unapoichaji. Tazama lile ganda jembamba la plastiki, hasa ukingoni, karibu na kichwa cha chanya. Mwili mzima wa betri chini ya ganda hilo ni hasi, hata pale juu kando ya kichwa. Mchaniko mdogo kama kucha ukigusa chuma unatosha kuleta shoti. Ganda likichanika, badilisha ganda au achana na betri hiyo. Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Vikasha vya plastiki vya kubebea betri ni vya bei ndogo sana, sioni sababu ya mtu kutokuwa navyo.

Koili mpya ilowanishe kwanza: matone machache kwenye vitundu vinavyoonyesha pamba, jaza tangi, acha dakika kumi. Pamba kavu ikiungua mara moja, ladha ya moshi haitoki tena.

Kusuka koili mwenyewe nilikuja nako baadaye, kwenye tangi jingine linaloruhusu. Waya ni kanthali (aloi ya chuma inayostahimili joto) ya geji 28 (kipimo cha unene), mizunguko 6 kwenye kijiti cha milimita 2.5, nayo husoma karibu omu 1.1. Kabla ya kutia pamba naibonyeza kwa wati kidogo niangalie inavyowaka. Inatakiwa ianze kuwa nyekundu katikati, ienee pembeni. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake, naibana taratibu kwa kibano cha kauri, kisha nasoma omu upya. Pamba ipite kwa kukwaruza kidogo; ikikazwa sana maji hayafiki.

Ninalolalamikia kwenye Nautilus ni ujazaji. Lazima ulipindue, ufungue kitako pamoja na koili, umimine kandokando ya lile bomba la katikati, na kwenye basi haiwezekani bila kuchafua vidole. Maji matamu sana nayo yanaiziba koili mapema, kwa hiyo nimebaki na ladha ya tumbaku na ya mnanaa.