Africafe: nusu kilo ya kahawa ya maganda ndani ya kopo la gramu 100

Africafe ni kahawa ya kuyeyuka inayotengenezwa na TANICA mjini Bukoba, kiwanda cha tangu miaka ya 1960. Ni kahawa tupu, haina sukari wala maziwa. Ladha imeelemea aina ya kahawa iitwayo robusta: nzito, chungu kiasi, haipotei hata ukiizidishia maziwa. Anayetaka uchachu wa arabika ya Kilimanjaro anunue ya kusaga.

Kijiko cha chai kisichojaa sana, kama gramu 2, kinatosha mililita 180. Ikoroge kwanza kwa maji baridi kidogo ndipo umimine ya moto, la sivyo hufanya madonge. Usichote kwa kijiko chenye majimaji: unga huu hunyonya unyevu, na kwa joto la pwani kopo lisilofungwa vizuri huganda likawa jiwe. Mnywaji wa mara mojamoja achukue kopo la gramu 50.

Tuje kwenye bei. Kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Kahawa, kilo 1 ya kahawa ya kuyeyuka ni sawa na kilo 2.6 za kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa lakini hazijakaangwa. Robusta ya maganda, yaani tunda lililokaushwa zima, ikikobolewa hubaki takriban nusu ya uzito. Kopo la gramu 100 basi limebeba kama gramu 520 za kahawa ya maganda. Chukua bei ya kilo ya maganda aliyolipwa mkulima msimu husika, zidisha kwa 0.52, linganisha na bei ya dukani. Fanya hivyo hivyo kwa Nescafé. Pengo utaliona kwa zote mbili. Ila la Africafe linalipa mishahara Bukoba, na Chama cha Ushirika cha Kagera, KCU, kina hisa kiwandani. Chapa ya pili ni mali ya Nestlé ya Uswisi.

Kuhusu ugumu wa kuuza kahawa ya kuyeyuka Ulaya, wengi hulaumu ushuru wa Umoja wa Ulaya: kahawa ghafi asilimia 0, iliyokaangwa 7.5, ya kuyeyuka 9. Huo unamuuma Mbrazili. Tanzania imesamehewa tangu 2001 pamoja na nchi nyingine maskini zaidi. Ugumu uko kwenye rafu za supamaketi na bajeti za matangazo, ambako makampuni makubwa yalishajikita kitambo. Nescafé iko sokoni tangu 1938.

Lakini kopo hili halimtoi mkulima kwenye bei ya soko la robusta la London, inayopangwa kwa dola kwa tani. Wala haliondoi butura, ulanguzi wa kununua kahawa ingali changa mtini. Mkulima huuza hivyo kwa sababu anadaiwa ada ya shule kabla ya mavuno, na kiwanda hakikopeshi ada.