"Kwani hukufundishwa wodini?"

Hilo ndilo jibu nililopewa kwenye dawati la ushauri kwa wanaouguza nyumbani, juzijuzi tu, nikiwa nimeshika mpira wa kulishia wa mzee wangu wa kiharusi ulioziba. Sista hakuinua hata macho kwenye simu. Hapana, sikufundishwa. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na mstari mmoja: "aendelee kulishwa kwa mpira". Basi.

Na jibu lenyewe ni la dakika tano! Mpira wa puani huziba kwa uji usiochujwa na kwa vidonge vilivyosagwa kwa pamoja. Chuja uji mara mbili kwa chujio la chai. Pitisha maji ya vuguvugu mililita 30 kabla ya mlo na 30 baada yake, na kidogo kati ya dawa na dawa. Saga kila kidonge peke yake. Vile vinavyoachia dawa polepole havisagwi kabisa, muulize mfamasia kama ipo ya maji. Ukiziba, tumia bomba la sindano la mililita 50 lenye maji hayo ya vuguvugu, sukuma na kuvuta taratibu. Bomba dogo lina msukumo mkali, litaupasua mpira. Na soda wanayoshauri mtaani muiache, inagandisha maziwa humo humo ndani.

Weka alama ya kalamu pale mpira unapoingilia puani. Alama ikisogea, usilishe, na usiurudishe mwenyewe: ukiingia njia ya hewa, uji unakwenda kwenye mapafu. Mgonjwa alishwe akiwa ameinuliwa kichwa na kifua, abaki hivyo angalau nusu saa.

Nilitaka kuandika msikanyage pale. Lakini mtaalamu wa tiba ya viungo wa chumba cha jirani alisikia sauti yangu (nilikuwa nimeshaipandisha, sikatai) akaniita ndani, hakudai hata shilingi. Akanionyesha kwa mikono yake: kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie, na kutomwinua kamwe kwa kumvuta mkono uliopooza, maana bega linachomoka. Ngozi ikiwa nyekundu, usiichue. Ile pete ya mpira ya kukalia inayouzwa kwenye maduka ya dawa inabana damu pembeni, mnanunua kidonda.

Kwa hiyo huduma ni mbaya au nzuri? Dawati ni bovu, hilo silirudishi. Huyu fundi wa viungo hawajamweka hapo, nadhani kwa kuwa ushauri wake wa bure hauna risiti. Nendeni, basi. Ila kabla hamjasaini kuruhusiwa, lisheni mlo mmoja kwa mikono yenu nesi akiwa amesimama hapo. Na mkiulizwa dawatini kama hamkufundishwa, semeni hapana kwa sauti ya kufika chumba cha pili.