Spika ya kati ilikuwa inakwaruza: uzoefu wangu na seti ya 5.1

Nimekaa na seti hii ya sinema ya nyumbani muda wa kutosha kuweza kuisifu na kuilaumu. Ni ya 5.1: risiva moja (kifaa kinachopokea sauti na kuzisukuma spika), spika mbili za mbele, moja ya kati, mbili za nyuma, na subwufa, spika ya besi, yenye ampli (kikuza sauti) yake ndani. Kwa taarifa ya habari na muziki wa kawaida haina neno. Sauti ni safi na maneno yanasikika bila kutega sikio. Shida ilikuwa kwenye filamu. Kila zilipofika purukushani, watu wanaongea huku kitu kinalipuka, spika ya kati ilianza kukwaruza na maneno yakatoka kama yanapita kwenye karatasi iliyochanika. Mlipuko ukiisha, sauti inarudi safi kabisa.

Hiyo tabia ya kukwaruza na kuacha ndiyo iliyonizuia kukimbilia spika mpya. Spika iliyochanika koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, au ambayo koili yake, waya uliozungushwa unaoisukuma koni, imeungua na kuanza kusugua, mara nyingi hukwaruza hata sauti ikiwa chini. Hii yangu ilikuwa inachagua wakati, na ubovu wa kuchagua wakati una sababu ambayo mtu anaweza kuitafuta mwenyewe akiwa na tochi na subira.

Nilianza na chanzo cha sauti kwa sababu ndicho rahisi kukiondoa mashakani. Filamu ya intaneti ilikwaruza, diski ikakwaruza, na muziki wa besi nzito kutoka kwenye simu, nikiwa nimeiamuru risiva itumie spika zote, nao ukakwaruza. Kisha nikaiondoa TV njiani, kebo ya HDMI ikatoka kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye risiva, maana TV nyingi zina vionjo vyao vya kukuza sauti vinavyoweza kuiharibu kabla haijafika. Hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye risiva, waya au spika.

Kilichofuata kilinichanganya kidogo. Risiva hii ina mlio wake wa kupimia, ule wa "shhhh" unaozunguka spika moja baada ya nyingine. Kwenye spika ya kati mlio ulitoka safi, hata nilipoupandisha sana. Watu wengi wangeishia hapo na kusema spika ni nzima, waya ni mzima, labda filamu ndizo mbovu. Lakini mlio wa namna hiyo kwenye risiva nyingi umechujwa ubaki na sauti za katikati tu, besi hamna. Maana yake spika ilikuwa inafaulu mtihani usio na besi na kufeli wenye besi. Kwangu hiyo ilikuwa dalili kubwa kuliko zote.

Sasa kubadilishana. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote na halihitaji kifaa chochote. Unazima risiva, unachomoa plagi kabisa, halafu unahamisha waya nyuma ya risiva: spika ya kati inakula kwenye tundu la kushoto mbele, na ya kushoto inakwenda kwenye tundu la kati. Seti yangu inafuata rangi zinazotumiwa na watengenezaji wengi: kijani ni kati, nyeupe kushoto mbele, nyekundu kulia mbele, buluu na kijivu za nyuma, zambarau subwufa. Ni kijani na nyeupe tu zilizohama. Ubovu ukihama pamoja na spika, basi ni wa spika au waya wake. Ukibaki kwenye tundu lilelile, basi ni wa risiva au mipangilio yake.

Nilirudisha kipande kilekile cha filamu, kwa sauti ileile. Spika iliyokuwa inakwaruza sasa ilikuwa kushoto na ilitulia kabisa. Ile ya kushoto, iliyokuwa haijawahi kulalamika, ndiyo iliyoanza kukoroma sasa ilipokuwa kwenye tundu la kati. Spika ikasafishwa jina.

Nikaingia kwenye menyu. Seti ilikuja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba: unaiweka pale unapokaa, risiva inapiga milio yake, kisha inajipangia umbali, viwango na ukubwa wa spika. Kazi hiyo inaifanya vizuri kwa umbali na viwango. Kwenye ukubwa iliteleza. Spika zote ilizipanga kuwa ndogo isipokuwa ya kati, ambayo iliiandika kubwa, yaani iletewe besi yote hadi chini kabisa bila kuchujwa. Nadhani ni kwa sababu imekaa kwenye rafu karibu na ukuta, na ukuta huongeza besi, hivyo maikrofoni ikaiona ina nguvu kuliko ilivyo. Mipango ya namna hii ya kujipima huteleza hapo mara nyingi, kwa hiyo ikaguliwe kila baada ya kupima.

Ubaya wake niliuona kwa macho. Nilivua kitambaa cha mbele, nikawasha tochi, nikapiga kile kipande. Koni yenyewe ni ndogo, ina upana wa sentimita 8 hivi. Mlipuko ulipokuja ilirushwa mbele na nyuma kwa mwendo mrefu hadi ukingo wake wa mpira ukawa unavutika, na hapohapo maneno yakachafuka. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na zikiwa chache besi ni nzito zaidi. Ili koni itoe kiwango kilekile cha sauti kwenye hezi 40 inabidi iende mara nne ya mwendo wake wa hezi 80. Koni ndogo haina nafasi hiyo. Ikifika mwisho wa mwendo wake, kila kinachopita humo wakati huo kinaharibika pamoja na besi, na kwenye filamu kinachopita kati ni maneno.

Niliibadilisha kuwa ndogo na kuweka krosova, yaani mpaka ambao besi iliyo chini yake haiendi kwenye spika hiyo bali kwenye subwufa. Hezi 80 ndiyo inayopendekezwa sana, na kwa spika zenye koni kubwa kiasi inatosha. Kwangu ilipunguza mkwaruzo bila kuumaliza. Hezi 120 iliumaliza. Besi yote iliyo chini ya hapo sasa inakwenda kwenye subwufa, ambako ilipaswa kuwa, na koni ya kati haionekani hata kutikisika. Faida nyingine ni kwamba ampli ya risiva imepumua, kwa kuwa besi ndiyo inayokula wati nyingi. Wati zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa kwa chaneli moja au mbili zikifanya kazi. Zikiwaka tano kwa pamoja, kila moja inapata kidogo. Ukiilazimisha risiva ipite uwezo wake inakata vichwa vya mawimbi, na mkato huo unaweza kuunguza twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba.

Kulikuwa na mchakacho mwingine mdogo, spika ya nyuma kulia, unaokuja na kupotea bila kufuata besi wala ukubwa wa sauti. Huo ulikuwa waya. Shaba ilikuwa imeingia weusi na kibanio cha springi hakiishiki vizuri. Nilikata ncha, nikamenya sentimita moja, nikasokota nyuzi zisitawanyike na kugusa tundu la jirani, nikarudisha. Umekwisha.

Je, ninaipendekeza? Ndiyo, kwa chumba cha kawaida na kwa mtu anayejali maneno ya filamu yasikike. Sauti yake ikipangwa sawasawa ni nzuri kuliko nilivyotarajia kutoka kwenye spika ndogo namna hii. Vibanio vya nyuma vinanikera. Kifaa cha daraja hili kilistahili skrubu za kukaza waya. Kitabu cha maelezo nacho kinaeleza rangi za waya kwa ukurasa mzima, kisha krosova kinaipa mstari mmoja usiosema iwekwe ngapi kwa spika hizihizi walizozitengeneza wao. Risiva inapata joto, hivyo iachiwe nafasi juu yake, na isiwekwe deki mgongoni.