Lockdep: mlinzi anayepiga kelele mara moja tu

Lockdep imezimwa. Mstari huo, kwa Kizungu chake kifupi, ndio uliokuwa wa mwisho kwenye skrini yangu usiku ule, chini ya taarifa ndefu ya programu zilizokwama zaidi ya sekunde 120. Imezimwa! Tangu lini? Nani kaizima? Lockdep ni mlinzi wa ndani ya mfumo wa Linux, kazi yake kuchunga programu zisije zikakwamishana. Siku zote zile nimelala nikijua nina mlinzi mlangoni, kumbe mlangoni hapana mtu.

Mimi napiga video za harusi hapa Lamu, upande wa wanawake tu. Kazi yangu kubwa ni kupiga siku ya kupamba: bibi harusi jukwaani, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, na simu za wageni zimekusanywa kapuni mlangoni. Picha zile hazitoki kwangu ila kwa mkono wa mamake bibi harusi. Kwa hiyo zinakaa nyumbani kwetu Mkomani, kwenye kompyuta moja ya Linux, juu ya boksi lenye diski mbili zinazobeba kitu kile kile, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Mfunguo mosi, harusi zilipoandamana, boksi likaanza kugoma. Unanakili video, katikati inasimama. Unaandika ls, amri ya kuorodhesha faili, hairudi. Unaiua ile programu kwa kill -9, haifi. Ukiitafuta kwenye orodha ya ps unaikuta na herufi D ubavuni, yaani imelala usingizi usioamshika, inangoja diski. Taa ya boksi wala haipepesi. Hapana dawa ila kuchomoa umeme na kumuomba Mungu.

Nikalichukua boksi mpaka Malindi kwa fundi mmoja niliyeelekezwa. Hakulifungua. "Dada, diski zimekufa hizi. Niachie zote mbili, uzifuate wiki ijayo." Nikamwambia siwezi kuziacha, ndani mna wake za watu. Akamgeukia mwenzake, akacheka: "Wa Lamu hawa!" Basi. Hakuuliza linakwama wakati gani, wala kompyuta ina memori kiasi gani, wala nini kilichokuwa kikiendeshwa. Nikanunua diski mpya mbili kwa pesa ya harusi mbili, nikarudi nazo, na kabla ya Ijumaa zikakwama vile vile.

Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa mkwamo. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichochoro ambacho akipita punda mwenye shehena, wewe unajibanza ndani ya daka la mtu. Siku moja waliingia wawili, mmoja na magunia ya mchanga, mwingine na mawe ya matumbawe, "simile! simile!" huku na huku, wakakutana konani. Kila mmoja kashika kipande chake cha njia, anangoja kipande alichoshika mwenziwe. Ilibidi mizigo ipakuliwe pale pale, gunia baada ya gunia. Keneli, kile kiini cha Linux kinachoendesha mashine nzima, haina wa kuipakulia. Humo programu hushika kufuli, yaani alama ya "natumia mimi, wewe ngoja"; mbili zikishashikiana kufuli namna hiyo, zinasimama mpaka uzime mashine.

Lockdep haingoji punda wakutane, na hapo lazima niiseme vizuri hata kwa hasira niliyonayo. Ingo Molnár, mmoja wa waandishi wa keneli, aliiandika, ikaingia kwenye Linux 2.6.18 mwaka 2006. Kila kufuli inaposhikwa, lockdep huandika ni ipi nyingine iliyokuwa tayari mkononi. Asubuhi fulani mmoja alishika kufuli ya kwanza kisha ya pili; jioni mwingine kashika ya pili kisha ya kwanza. Hawakuonana, hakuna kilichokwama. Lockdep huziunganisha njia zile mbili na kusema: siku hawa wakiingia pamoja, hatoki mtu. Wala haihesabu kufuli mojamoja. Faili elfu zina kufuli elfu, lakini kwake ni aina moja, kwa hiyo kosa likionekana kwa faili moja limeonekana kwa zote. Na kwenye mambo ya diski inazidi kufundishwa: tangu Linux 6.13, iliyotoka Januari 2025, inafuata hata kule kuigandisha foleni ya maombi ya diski, jambo linalokwamisha watu kama kufuli ingawa si kufuli.

Basi nikajenga keneli upya, CONFIG_PROVE_LOCKING, swichi ya lockdep, imewashwa. Mashine ikawa nzito kama jahazi lililoingia maji. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Haijamaliza hata kuwaka vizuri, taarifa ya kwanza hiyo, nyekundu, ndefu: huenda kuna mzunguko wa kufungiana, ndani ya draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoendesha Wi-Fi. Nikaipita. Wi-Fi ya nini mimi, natafuta kilicho kwenye diski. Nikanakili video usiku kucha, lockdep kimya. Kesho yake kimya. Keshokutwa kimya. Nikamwambia mamangu, "Naona limepona." Nikafuta kadi za kamera ili niende nazo harusi nyingine.

Usiku wa nne ikakwama. Nilipochomoa umeme na kuwasha tena, saa nzima ya jukwaani ya binti wa jirani yetu haikuwepo. Ya mlangoni ipo, ya ngoma ipo, ya jukwaani hapana. Mamake alikuja alasiri na sahani ya kaimati, kaifunika kwa leso mpya. "Mwanangu, na ile ya jukwaani?" Nilitazama leso. Sikuwa na la kumwambia.

Ukweli ni kwamba lockdep hutoa taarifa moja tu kwa kila kuwaka kwa mashine, halafu hujizima. Ile ya Wi-Fi ndiyo iliyoimaliza, dakika ya kwanza kabisa. Sababu ya walioiandika naielewa: ikishaona kosa, haiziamini tena hesabu zake. Lakini aga, basi! Sema pale pale kwamba unaondoka! Mstari wa "imezimwa" nilikuja kupewa baada ya kukwama, ulipokuwa haunifai kitu. Ushahidi ulikuwepo muda wote ndani ya /proc/lockdep_stats, neno debug_locks, 1 ikiwa macho na 0 ikiwa imelala. Yangu ilisoma 0. Siku ile ningeulizwa, ningesema mtu asiiguse kabisa, maana asiye na mlinzi angalau hufunga mlango wake mwenyewe.

Nikaiondoa draiva ya Wi-Fi, nikawasha upya, nikasoma: 1. Nikafungua video nyingi kwa pamoja mpaka memori ikajaa, huku nikinakili nyingine. Haikukwama. Lakini kabla ya adhuhuri taarifa ikatoka, na safari hii ilikuwa yangu.

Kufuli moja ilikuwa ya ile programu iliyokuja na boksi lenyewe, niliyoijenga pamoja na keneli. Upande wa pili ni fs_reclaim, jina ambalo lockdep hulitumia keneli inapojikusanyia memori. Programu ya boksi hushika kufuli yake ili iandike, na ikiwa bado imeishika huomba memori kwa GFP_KERNEL, ombi la kawaida. Memori ikiwa imekwisha, keneli hujaribu kuipata kwa kuhamishia kurasa za memori kwenye swapu, sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Na swapu yangu iko wapi? Ndani ya boksi lile lile. Ili kuandika huko inataka kufuli ile ile. Hapo tena, punda wawili na kona. Dawa ilikuwa neno moja, GFP_NOIO: nipe memori bila kugusa diski. Nililibadilisha, nikajenga, nikaijaza memori tena. Imepita. Nilipiga kelele mpaka mamangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Kwa hiyo nirudishe nililosema? Nusu. Kosa lile lingeweza kujificha miaka, na hakuna fundi angeliona kwa macho. Lockdep ililiona bila kukwama chochote, na ikanionyesha jina la kila kufuli na mahali iliposhikwa. Sijaona chombo kingine kilichonifanyia hivyo. Iwasheni, lakini msikilizeni huyu aliyeumia: taarifa ya kwanza isiyowahusu ndiyo ya kushughulikiwa mwanzo, na someni debug_locks kabla hamjauamini ukimya wake. Mimi huisoma kila asubuhi kabla ya chai, na kadi za kamera sifuti tena mpaka mamake bibi harusi awe ameshika zake mkononi.

Ya jukwaani hairudi. Jirani hajanisema neno baya, ila sahani yake bado iko kwangu na sijapata uso wa kuipeleka. Zile diski mbili za zamani, zilizopewa hukumu ya kifo kule Malindi, nimezirudisha kwenye boksi. Zinaandika tangu jana usiku, na hazijasita hata mara moja.