Mizinga ya vibao vya juu ya maseremala wa Mwanza: pima kabla ya kulipa

Mzinga wa vibao vya juu, yaani sanduku la nyuki lenye vibao vilivyopangwa juu ili nyuki wajenge masega chini yake, unaotengenezwa kwa oda katika karakana za mbao jijini Mwanza ni bidhaa nzuri, lakini mara nyingi huharibiwa na milimita tatu. Sanduku linakuwa imara, kona zimebana, bati limekunjwa vizuri na rangi imepakwa kwa uangalifu. Geuza vibao sasa, uvipime upana: kimoja milimita 35, kingine 38, cha tatu 30. Nyuki wataingia humo, watajenga na kuweka asali, ila siku ya kurina hutaweza kufungua bila kubomoa. Chama cha wafugaji nyuki kinachonunua mizinga mingi kwa mkupuo, kwa ada na michango ya wanachama, hapo ndipo kinapopotezea fedha yake.

Kwa nyuki wetu upana unaotakiwa ni milimita 32. Ndiyo nafasi wanayoiacha wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata. Kibao kikiwa na upana huo, kila sega linakaa kwenye kibao chake. Milimita 35 ni kipimo cha nyuki wa Ulaya, ambao ni wakubwa zaidi, na fundi akifuata mchoro uliotoka huko atakata hivyo bila kujua kosa liko wapi. Matokeo yake ni haya: sega la kwanza linakaa sawa, la pili linakosea kwa milimita 3, la tano kwa 12, la sita kwa 15, yaani karibu nusu ya kibao. Kuanzia hapo sega moja linashika vibao viwili. Ukiinua kimoja unapasua masega, asali inamwagikia majana (mayai na watoto wa nyuki), nyuki wanachafuka, na harufu inawaita siafu usiku uleule.

Usipime kibao kimoja ukaridhika. Panga vibao kumi vikiwa vimebanana, kisha weka futi: inatakiwa sentimeta 32 kamili. Vibao 26 vinatakiwa kufika sentimeta 83.2. Kipimo cha jumla kinafichua makosa madogo ambayo jicho haliyaoni kwenye kibao kimoja. Vilivyozidi vinapigwa randa na kurudi kwenye 32, ila nafasi itakayobaki mwishoni idai kibao cha nyongeza. Vilivyopungua usikubali viongezewe kipande cha pembeni kwa gundi. Vikataliwe, vikatwe vingine. Urefu nao uwe mmoja, sentimeta 48, kwa mizinga yote ya chama. Sababu yake ni kubwa kuliko unadhifu: mwanachama anapotaka kugawa kundi, au kulisaidia kundi dhaifu kwa sega la majana kutoka mzinga wa jirani, kibao kinahama na kukaa bila kukatwa. Vipimo vikitofautiana, kila mzinga unabaki kisiwa.

Kasoro ya pili kwa uzito ni mbao mbichi. Kibao kilichokatwa 32 kikiwa kibichi kitasinyaa kikikauka, na mianya itafunguka kati ya vibao. Kwenye mzinga huu vibao vikibanana ndivyo dari. Faida yake yote ni kwamba unafungua mwanya mmoja tu, unapuliza moshi kidogo, unafanya kazi yako huku sehemu nyingine ya mzinga ikiwa gizani. Mianya ikiwepo, nyuki wanapanda juu na kujenga chini ya bati, na utulivu huo unapotea. Paini iliyokauka vizuri inatosha na haichoshi kubeba. Mkaratusi ni mgumu lakini hupinda usipokaushwa taratibu, kwa hiyo tungeuacha. Kuta ziwe na unene wa inchi moja hivi. Mbao nyembamba hupitisha joto la mchana, na sega jipya lililojaa asali likilainika hukatika na kuanguka.

Ndani ya mzinga pasipakwe chochote: si rangi, si vanishi, si dawa ya mchwa, si oili chafu. Rangi ni ya nje tu, na iwe nyeupe au nyingine nyepesi.

Kila kibao kinatakiwa kiwe na mfereji mdogo katikati, upande wa chini, wenye upana na kina cha milimita 3 hivi. Humo humiminwa nta safi iliyoyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na ikizidi sana huwaka. Mshumaa wa dukani ni parafini, usiutumie badala ya nta. Bila mstari huo nyuki hujenga mshazari, na vipimo vyote tulivyovisema havitasaidia kitu. Karakana nyingi hukabidhi mzinga bila mfereji, kwa hiyo utaje mapema wakati wa kuagiza.

Mlango wa nyuki ni jambo la kuangalia haraka: matundu yasizidi sentimeta 1 kwenda juu, maana yakizidi panya ataingia, na kundi dogo litashindwa kulinda mlango mpana. Mfuniko unahitaji subira zaidi. Mvua ya ziwani huja na upepo na hupiga kwa pembeni, kwa hiyo bati lizidi kuta pande zote, na libaki na nafasi ya sentimeta 2 au 3 juu ya vibao ili hewa ipite. Bati lililolazwa moja kwa moja juu ya vibao ni kosa la kukataa mzinga papo hapo. Waya za kuning'iniza nazo ziwe nene, zimefungwa kuzunguka sanduku. Waya uliopigiliwa msumari kwenye kona hung'oka mzinga ukijaa. Ning'iniza kwenye urefu wa mita 1 hivi, mahali ambapo nyegere hana pa kukanyaga, paka grisi kwenye waya dhidi ya siafu, na fyeka nyasi zisigeuke daraja lao.

Je, mzinga wa gogo umepitwa na wakati? Hapana. Hutoa nta nyingi na ukitunzwa hudumu. Ila kuukagua bila kuharibu masega ni kazi ngumu, na soko linataka asali iliyoiva isiyo na majana. Mzinga wa Langstroth, ambao masega yake hujengwa ndani ya fremu za mbao, nao ni mzuri kwa mwenye mashine ya kukamua asali. Kwa chama kinachoanza, fremu zake ni gharama juu ya gharama. Kwa vibao vya juu unakata sega lililozibwa kwa nta angalau robo tatu, unaliacha lenye majana, na ndoo inafunikwa hapohapo kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango kinachokubalika ni maji yasiyozidi asilimia 20, na hewa ya kando ya ziwa haina huruma kwa ndoo iliyo wazi.

Hata mzinga uliopimwa vizuri hauwezi kulinda nyuki dhidi ya dawa za pamba. Pamba ya kanda hii hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, na maua yake huvuta nyuki wakati ambao wakulima wanapiga dawa. Chama kikubaliane nao wapige jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Usizibe milango ya mizinga mchana kutwa kwa kuwakinga. Joto litaua kundi kabla ya dawa.

Kwa jumla tungeupa alama 3 kati ya 5 mzinga unaokutwa tayari umeshatengenezwa, na 4 ule wa oda yenye masharti. Masharti hayo ni machache: mpe fundi kibao cha mfano cha mbao ngumu kilichopimwa milimita 32 kwa 480, andika vipimo kwenye karatasi ya oda, lipa malipo ya mwanzo, na salio litoke baada ya vibao kumi kumi kupimwa mbele yake. Agiza pia vibao viwili vya akiba kwa kila mzinga, vikatwe siku ileile na kutoka mbao ileile.